Miungu Tisa Ndani ya Kava la Biblia

Kutoka Buguruni mpaka Kariakoo, mtu mwenye akili timamu anafika kabla chai aliyoiacha mezani haijapoa. Mimi niliondoka asubuhi nimeoga, nimejipulizia marashi, nimevaa gauni la kitenge, nikafika mchana umeshaenda zake, nanuka grisi, kisigino cha kiatu kimoja hakipo, na katikati hapo nimeshaombea lori. Tangu Jumamosi ile kila anayekaa kwenye kiti changu pale saluni anauliza, "Tuma, hivi ilikuwaje?" Nimechoka kusimulia kichwa kimoja kimoja. Naandika mara moja, someni, mtumiane, halafu mniache nisuke.

Buguruni, kabla sijatoka

Nilikuwa naenda kwa mama yake Godlisten. Godlisten mnamjua, yule Mchaga mrefu anayenisubiri nje ya saluni akijifanya anaangalia simu. Tumekuwa pamoja muda wa kutosha watu kuanza kuuliza, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuuliza kuliko watu. Mama yake ni mjane, anauza masufuria kwa jumla Kariakoo, amesomesha watoto wote kwa hayo masufuria, na Godlisten hafanyi jambo kubwa bila neno lake. Msichana aliyenitangulia aliitwa chakula cha mchana mara moja tu, hakuitwa tena. Sasa ilikuwa zamu yangu. Nampenda yule kaka, sioni haya kuandika, na mchana ule mmoja ndio ungeamua kama naolewa au naendelea kusuka maharusi wa watu.

Godlisten alinipa maelekezo kwa simu kama mwalimu wa zamu. "Uje mapema, mama hapendi mtu wa kuchelewa. Uje na Biblia yako, atafurahi sana. Halafu Tuma, usimdanganye kitu chochote. Mama anasamehe yote, ila uongo hapana."

Mambo matatu tu. Yote matatu nikayaharibu, na aliyeniharibia ni kitabu.

Ugonjwa wangu wa vitabu mnaujua. Kuna ule mfululizo wa riwaya za miungu tisa, niliowasimulia mpaka mkaniambia nifunge mdomo. Cha kwanza nilikisoma huku nasuka, ndiyo maana Mama Warda alitoka na mistari inayoelekea Ubungo. Sarume, mungu wa kike wa chumvi, mdogo wao wote, anaiba chumvi ya ndugu zake anawapelekea wanadamu wanaokula majani matupu. Ndugu zake wanamkamata, wanamfunga kwenye jiwe, na kitabu kinaishia hapo. Yaani hapo hapo! Nilikirusha ukutani. Bahati mbaya aliyekiokota ni shangazi yangu, ninayeishi naye, mtu wa mikesha na maombi ya kufunga. Juu ya jalada kuna kichwa chenye nyuso tatu, na nyoka kajikunja juu yake. Shangazi hakuuliza swali. Alikikemea, akakimwagia mafuta ya upako, akakitia kwenye jiko la mkaa, akabandika maharage juu yake. Tuliyala yale maharage. Yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo.

Kwa hiyo kitabu cha pili nilipokipata, kwa mbinde, sikufanya kosa la kukiacha hadharani. Ile Biblia yangu ina kava la ngozi, lile la zipu, lenye msalaba kwa mbele. Nikaitoa Biblia, nikailaza kabatini, nikakiingiza kitabu mle. Kikakaa kana kwamba kava lilishonwa kwa ajili yake. Kila jioni shangazi akawa ananiona nimeinamia kava langu mpaka chakula kinapoa, na nasikia alikwenda kutoa ushuhuda kanisani kwamba maombi yake juu yangu yamejibiwa.

Sasa Jumamosi asubuhi nikabeba kava. Msiniulize kama nilisahau kilichomo. Sikusahau. Ningeweza kubadilisha pale pale, kazi ya kufungua zipu na kufunga zipu. Lakini nilikuwa nimefika kwenye kesi ya Sarume, ndugu zake wanane wamekaa duara wanamhoji, na nikajiambia, Tuma, njiani utasoma kurasa chache tu, na nani duniani anafungua Biblia ya mtu? Hiyo ndiyo akili niliyotoka nayo nyumbani.

Barabara ya Uhuru

Nilichukua bajaji ili gauni lisikunjike. Dereva aliitwa Festo, kijana mpole, shati limepigwa pasi. Nilipofungua zipu na kuanza kusoma, nikamwona kwenye kioo ananitazama.

"Bwana Yesu asifiwe, mtumishi."

Ningesema mimi siyo mtumishi. Nikasema, "Amina."

Mnaona jinsi uongo unavyoanza? Neno moja tu, tena neno zuri. Festo akashukuru Mungu kwamba leo amepata abiria wa kumwelewa, akaanza kunimwagia ya moyoni. Mke wake ameondoka, amerudi kwa mama yake Tabata, na sababu hataki kuisema. Mimi naitikia "mmh," "ehee," "pole," macho yako kwenye kesi, maana mungu wa upepo alikuwa amesimama kutoa ushahidi na kila mtu anajua yule ni mnafiki. Nina tabia mbaya, kitabu kikinoga nasoma kwa sauti. Basi nikasoma, "Aliyejificha nyuma ya pazia ndiye aliyekusaliti."

Bajaji ikasimama katikati ya barabara. Nyuma honi zikalia kama harusi.

Festo aligeuka, uso umempauka. "Mtumishi, umejuaje kuhusu pazia?"

"Pazia gani?"

"La kwetu! Mdogo wangu alikuwa nyuma ya pazia siku tunagombana, akaenda kumwambia mke wangu kila nililosema. Hakuna mtu anayejua!"

Nikajaribu kumweleza kwamba ni bahati tu. Akasema watumishi wa kweli huwa wanyenyekevu hivyo hivyo. Akaondoa bajaji kwa jazba, akabadilisha gia kwa hasira juu ya mdogo wake, na tulipofika karibu na Karume waya wa klachi ukakatika, paa, tukabaki tunateleza wenyewe mpaka pembeni.

Hapo Kariakoo naiona kwa macho. Mtu mwingine angeshuka, akashukuru, akatembea. Festo akasema, "Siwezi kumwacha mtumishi juani. Fundi wangu yuko Gerezani, ni dakika tu, halafu nakupeleka mpaka mlangoni." Nikafikiria viatu vyangu vya visigino. Nikafikiria pia kwamba kwa fundi kutakuwa na benchi na kivuli, na kesi ilikuwa imefika patamu. Nikakubali. Bajaji nyingine ikatusukuma kwa mguu wa dereva wake, tukapita Kariakoo yote mimi nimekaa nyuma kama bibi harusi, nasoma.

Godlisten akapiga. "Umefika wapi?"

"Nipo Karume hapa. Foleni, baba."

Na hilo la tatu, la uongo, nikawa nimelianza, hata kabla ya kufika.

Gerezani

Benchi lilikuwepo kweli, limetengenezwa kwa kiti cha nyuma cha gari fulani lililokufa. Pembeni kuna rundo la gia boksi, mafuta machafu yanatiririka kwenye mfereji, na nyundo zinagonga pande zote. Festo alishanitangulia kwa sifa. Nilipokaa tu, mafundi wote walikuwa wanajua kwamba huyu dada ameona pazia.

Fundi mkuu, baba mmoja mnene waliyemwita Bosi Manyama, alifuta mikono kwenye suruali, akaja kwa heshima. "Mtumishi, karibu. Tupe basi neno kidogo, tangu asubuhi tuko kavu."

"Jamani mimi siyo..."

"Moja tu! Hata mstari mmoja!"

Wakazima jenereta. Mafundi wa Gerezani wakikuzimia jenereta, ujue wamekupa heshima. Wamesimama na spana mikononi, mmoja amevua kofia. Nikafungua zipu nusu ili jalada lisionekane, na pale nilipokuwa nimefika Sarume alikuwa anawajibu ndugu zake. Nikasoma: "Mmekaa juu ya mlima wa chumvi, na walio chini wanakula majani. Hamwoni haya?"

"Aminaaa!"

"Mlisema chumvi itapungua. Imepungua? Imepungua kiasi gani? Nionyesheni shimo!"

"Sema, mtumishi! Sema nao!" Bosi Manyama akapiga bodi la gari kwa kofi. Mmoja akasema hayo maneno yanamhusu mwenye godauni kabisa, yule anayewapandishia kodi.

Nitawaambia ukweli. Nilinogewa. Saluni mnanikatisha kila mara, mara maji, mara kioo, mara "Tuma acha hiyo miungu yako." Hapa wanaume wazima wamenyamaza wananisikiliza. Nikaongeza ukurasa. Nikaongeza mwingine. Nikaanza na kunyoosha mkono juu.

"Hicho ni kitabu gani, dada?" akauliza yule aliyevua kofia.

"Cha pili."

"Cha pili Samweli au cha pili Wafalme?"

Nikakohoa. Wakaletewa mihogo ya kukaanga na kachumbari kwenye gazeti, wakanitengea upande mkubwa, nikala, na nilipoinuka ndipo nikagundua benchi lilikuwa limenipa alama ya grisi upande wa nyuma, duara kubwa, mahali ambapo mama mkwe akikuangalia unaondoka ndipo anapoangalia.

Simu ikalia tena. "Tuma, upo wapi?"

"Karume bado."

"Mbona nasikia nyundo?"

"Wanajenga."

"Mama ameshaepua chakula," akasema, akakata.

Nikashtuka hasa. Nikafunga zipu, nikamwambia Festo hata kama bajaji haijapona natembea. Ndipo mkono wa mtu ukanishika kiwiko.

Bandarini, ambako sikuwa na safari

Alikuwa mwanamke wa makamo, ushungi umemlegea, macho mekundu. Jina lake Mama Upendo. Alikuja Gerezani kutafuta kifaa cha lori, akanikuta nahubiri habari za chumvi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mtumishi, Mungu amekuleta kwa ajili yangu. Lori la mume wangu liko kwenye foleni ya bandari, halisogei. Mzigo unaharibika. Yeye analala chini ya tela kama mbwa. Njoo uliombee tu."

"Mama yangu, mimi naenda Kariakoo, nimechelewa sana."

"Ni hapo hapo. Tutakupitisha."

Watu wa Dar tukisema hapo hapo mnajua maana yake. Lakini alikuwa analia, na siyo machozi ya kuigiza. Nikaingizwa kwenye pikapu, katikati, yeye upande huu, dereva upande ule, kava langu mapajani. Gari likaelekea bandarini na Kariakoo ikabaki nyuma yangu kwa mara ya pili siku hiyo.

Foleni ile sijawahi kuiona. Malori mpaka jicho linachoka. Madereva wametandika mikeka chini ya matela, wamening'iniza mashati kwenye vioo, mama ntilie anapita na ndoo ya wali. Mume wa Mama Upendo akatoka chini ya lori, akanisalimia kwa mikono miwili. Akasema niweke mkono kwenye boneti.

Niliweka. Boneti la lori lililokaa juani siyo kitu cha kuwekea mkono, nilipiga ukelele ambao wao waliuona ni upako umeshuka. Nikafumba macho. Hapo, ndugu zangu, mchezo uliniishia. Nilimsikia Mama Upendo pembeni anavuta pumzi kwa kwikwi, anaamini, na mimi nimeshika miungu tisa ya karatasi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaomba maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba, lakini yalikuwa ya kweli: "Mungu, wewe unajua mimi ni nani. Usiwahesabie hawa ujinga wangu. Lori hili litoke hapa, na mimi nitoke hapa. Amina."

Foleni ikasogea.

Foleni zote husogea siku moja, hilo nalijua. Ila ilikuwa sekunde ile ile. Mume wa Mama Upendo alipanda lori kwa mruko mmoja, Mama Upendo akaanguka magotini kwenye vumbi, na nyuma yetu zikaanza kelele. "Mtumishi! Na hili langu!" "Mtumishi, huku, la bluu!" "Dada, gusa hata tairi tu!" Niliona wanaume wanakuja kutoka kila upande, nikakimbia. Kisigino kimoja nilikiacha kwenye reli. Bodaboda wa kwanza niliyemwona nikamrukia nyuma, nikamwambia, "Kariakoo, na usinisalimie."

Kariakoo, kwa Bi Nasra

Bodaboda alinishusha pembeni, ndani hapapitiki. Jumamosi Kariakoo mnaijua: mikokoteni, mabelo ya mitumba, spika mbili zinatangaza bei za vitu viwili tofauti kwenye sikio moja. Nikawa nachechemea, kiatu kimoja kirefu, kimoja kifupi, watu wananipisha wakidhani naumwa. Nikakimbilia kwa Bi Nasra.

Bi Nasra ndiye ninayenunua kwake mafuta ya nywele. Ni bibi wa Kiarabu, mfupi, mweupe, duka lake la udi na marashi amelirithi kwa mumewe, na anakaa humo siku nzima na birika lake la kahawa.

"Shikamoo Bi Nasra."

"Marahaba. Tumaini! Umetoka vitani?"

Nikakaa kwenye kigoda nikalia. Akanimiminia kahawa, akanikatia haluwa, akaanza kunifuta grisi kwa kitambaa chenye marashi, na grisi ikatanuka vizuri zaidi, sasa inanukia waridi. Nikamweleza yote. Sijui kwa nini kwake ilikuwa rahisi, labda kwa sababu ndiye mtu pekee siku ile ambaye hakuniamkia "mtumishi."

"Miungu mingapi humo?" akauliza.

"Tisa."

"Astaghfirullah." Akajimiminia kahawa. "Na huyo wa chumvi, wamemfanyaje?"

"Wamemwambia aape kwamba siyo yeye aliyeiba. Akiapa wanamfungua, yanaisha. Lakini wanajua ni yeye, na yeye anajua wanajua."

"Ameapa?"

"Sijafika."

"Lahaula! Mwenyewe hujafika halafu unanisimulia mimi?" Akasogeza kigoda. "Sasa sikiliza. Una miungu tisa kwenye kava na unamwogopa Mchaga mmoja? Kona ile pale kuna duka la vitabu vya dini. Kanunue Biblia, itie humo, hicho kidudu niachie mimi hapa nikuwekee. Nani atajua?"

Niwaambie nini? Sikufikiria mara mbili. Nilimbusu mkono, nikasema kitabu nitamletea nikishapata Biblia, nikakimbia kwa kuchechemea mpaka kwenye kona. Duka lilikuwepo. Biblia zilikuwepo, nazitazama kwenye kioo, nyeusi, nyekundu, hata ndogo za mfukoni. Na kufuli lilikuwepo mlangoni, kubwa. Mwenye duka la jirani akaniangalia akanicheka. "Leo Jumamosi, dada. Huyo Msabato. Mpaka jua lizame."

Nilisimama pale nimeshika vile vyuma vya dirisha. Godlisten akapiga simu, sikupokea, kwa sababu Karume zangu zote nilikuwa nimeshazitumia.

Ghorofa ya tatu

Wanaishi juu ya duka. Ngazi nilizipanda peku, viatu mkononi, kava kwapani. Aliyefungua mlango ni mama mwenyewe, mrefu kama mwanawe, khanga kiunoni, amenitazama kuanzia nywele kwenda chini taratibu, miguuni akakaa kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa, binti."

"Naomba unisamehe mama."

Godlisten nyuma yake alikuwa anazungusha macho kama mtu aliyemeza mfupa. Halafu mama akaona kava, lile la msalaba, na uso ukalegea. "Angalau umekuja na Neno. Njoo ukae."

Mezani kulikuwa na sufuria la machalari, kubwa la kulisha kijiji, limepoa mpaka juu pameganda. Tulikuwa watatu tu. Mama akaniomba niombee chakula. Nikaomba, sasa nilikuwa na uzoefu. Akasema, "Sasa tusomee mistari miwili mitatu, ndiyo tule. Kwetu tunafanya hivyo."

Godlisten alinitabasamia. Ndilo tabasamu lililoniumiza kuliko yote, maana alikuwa anajivunia mimi.

Njia ilikuwepo. Ile Zaburi ambayo kila mtoto anafundishwa naijua kwa kichwa mpaka mwisho. Nifungue zipu kidogo, niinamishe kitabu kifuani, niseme maneno. Nilishafanya mbele ya mafundi, nisiweze mbele ya watu wawili? Nikafungua zipu. Nikasema mstari wa kwanza. Mama akafumba macho kusikiliza, mikono amekunja juu ya meza, ile mikono ya masufuria, imechubuka vidoleni, na nikawaza kwamba nikimaliza hii Zaburi nitaolewa, na kila Jumamosi nitakuwa nakaa meza hii nikimwogopa huyu mama mpaka mmoja wetu afe. Mdomo ukagoma.

"Mama, siwezi. Hii siyo Biblia."

Akafumbua macho. Nikakitoa kitabu, nikakiweka mezani kando ya machalari, zile nyuso tatu na nyoka zinamtazama.

"Yesu wangu," akasema Godlisten.

Nikasema yote, bila kumeza mate. Shangazi, kava, Festo na pazia lake, mafundi, Mama Upendo, kwamba kila nilipotaja Karume kwenye simu sikuwepo Karume, kwamba nilikwenda kununua Biblia ya kumdanganyia nikakuta kufuli. Godlisten alijifunika uso kwa viganja. Mama hakucheka mahali popote.

"Ukaombea lori la watu, hicho kiko mkononi?"

"Ndiyo mama."

"Likasogea?"

"Likasogea mama."

Akapakua sahani tatu. "Kuleni," akasema.

Tukala. Sikusikia ladha ya ndizi wala nyama, naambiwa yalikuwa mazuri. Mama alipomaliza akanawa, akajifuta kidole kimoja kimoja, akavuta kitabu kwake, akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele.

"Ulikuwa umefika wapi?"

Nikamwonyesha.

"Soma. Nataka nijue ni kitu gani kimemshinda mtu kufika kwangu."

Nikasoma. Sarume amefunguliwa mkono mmoja ili aape. Mungu wa upepo anamnong'oneza aseme tu siyo yeye, aende nyumbani. Mama akanikatisha. "Kwa nini asiseme ni yeye?"

"Akisema wanamtupa baharini, mama. Chumvi kwenye maji inaisha."

"Na asiposema?"

"Anabaki nao."

"Anabaki na watu asioweza kuwatazama usoni. Hiyo nayo ni kubaki?" Akagonga meza. "Haya, endelea."

Nikafungua mdomo kuendelea, wakamwita kutoka chini, mteja wa jumla amefika. Akainuka. Akaniwekea kava tupu mkononi. "Hili mrudishie mwenyewe. Biblia ya watu inalala uchi kabatini." Kitabu akakiingiza kwenye kabati la vyombo, kati ya sahani za wageni, akafunga na funguo, funguo akaitia kifuani. "Hiki kinabaki hapa." Akashuka ngazi bila kuniaga.

Godlisten alinisindikiza mpaka barabarani, amenishikia viatu. Nikamuuliza, "Ndiyo basi?" Akasema, "Sijui, Tuma. Kweli sijui. Mama sijawahi kumwona hivyo." Niliporudi Buguruni niliivisha Biblia kava lake, nikajifunika shuka, nikalia mpaka shangazi akaniletea mafuta ya upako.

Jumapili kimya. Jumatatu kimya, Godlisten anasema mama haongei, akifunga duka anakwenda moja kwa moja chumbani. Mnakumbuka nilivyokuwa wiki ile, mlinipisha kama mtu mwenye msiba. Jumanne, nina mteja nimemsuka nusu ya kichwa, simu ikaita, namba siijui.

"Tumaini."

Nikasimama wima na kitana mkononi. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nisikilize. Amesema ni yeye. Kasema mbele yao wote, mchana kweupe! Sasa wamembeba wanampeleka baharini, nimefika pale wanahesabu tatu wamrushe, nimeshindwa kufungua ukurasa. Anakufa?"

"Mama! Mimi huko sijafika! Usiniambie!"

Nikasikia masufuria yanagongana nyuma yake na mtu anauliza bei, hajibiwi.

"Basi nangoja," akasema. "Jumamosi uje mapema tukisome wote. Ukichelewa tena, mkwe wangu, nakimaliza peke yangu."

Akakata. Nikakaa chini pale pale kwenye nywele zilizokatwa nikaangua kilio, na yule mteja wangu, nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama, akashuka kwenye kiti akaanza kunibembeleza.